Msuko Ukifumuka: Kutafuta Chanzo cha Mapengo katika The Silent Sea

Umefika sehemu ya tatu. Taa umezima, sauti umeongeza, na tangu asubuhi ulikuwa na hamu ya kukaa mbele ya tamthilia hii. Halafu mkono unaenda wenyewe kwenye simu. Hujachoka, huna usingizi, waigizaji ni wazuri, picha zinavutia. Kuna kitu kimekutoa ndani ya hadithi, nawe hujui ni kipi.

Mwongozo huu ni wa kukitafuta kitu hicho. Nimeuandika kwa mtazamaji anayetaka kujua kilichomkera, na zaidi kwa mwenzangu anayeandika skripti ambaye kila akiomba maoni anajibiwa, "Nzuri, lakini sijui, kuna mahali imenipoteza." Mgonjwa wetu ni The Silent Sea, tamthilia ya Kikorea ya sehemu nane iliyotoka Netflix tarehe 24 Desemba 2021. Nimeichagua kwa sababu naipenda. Nimeitazama mara tatu na kila mara imeniuma pale pale. Kazi iliyo mbovu kuanzia mwanzo haina la kumfundisha mtu. Hii ina wazo ambalo mwandishi yeyote angelitamani, yaani watu wanakufa maji mahali pasipo na tone la maji, na bado inavuja. Nitataja mambo mpaka mwisho wake, kwa hiyo kama hujaitazama, anza huko kwanza.

Kisa kwa ufupi. Dunia imekauka. Maji ya kunywa yanagawiwa kwa kadi za madaraja, na mwenye kadi ya dhahabu ndiye mwenye nafuu. Huko Mwezini kuna kituo cha utafiti cha Korea, Balhae, kilichoachwa miaka mitano nyuma baada ya ajali iliyoua watu 117. Taarifa rasmi ilisema mionzi ilivuja. Sasa timu inatumwa kuchukua sampuli zilizobaki, na imepewa saa 24. Anayeiongoza ni Kapteni Han Yun-jae (Gong Yoo), baba wa binti mgonjwa. Ndani ya timu yumo mwanasayansi, Daktari Song Ji-an (Bae Doona), ambaye dada yake, Song Won-kyung, alikuwa mtafiti kituoni hapo na hakurudi.

Nitaje na jina lenyewe, maana linaonyesha kwamba aliyeandika hakuwa mvivu. Balhae ulikuwa ufalme wa kale, mwaka 698 hadi 926, kaskazini mwa rasi ya Korea na katika nchi ya Manchuria. Ulianguka, na hakuna kitabu cha historia kilichoandikwa na watu wake wenyewe kilichotufikia. Silabi ya pili ya jina hilo maana yake ni bahari. Kituo kilichokufa na siri zake kikapewa jina la ufalme uliokufa na kumbukumbu zake, na ndani ya jina mkatiwa bahari. Mtu mwenye jicho kama hilo akiacha pengo, si kwa kutojua kazi. Chanzo kiko mahali pengine.

Hapa nieleze ninavyotafuta, maana dalili zote zilizo chini nimezifuata kwa njia hii moja. Ukiona pengo kwenye tukio, usianze kuchunguza tukio. Mtafute mtu aliyekuwa amesimama karibu na tukio hilo akanyamaza.

Kwanza hakikisha ni pengo kweli

Watu wengi wanaita pengo kila jambo lisiloelezwa. Si sawa. Mwaka 2016 kituo cha tvN kilionyesha Signal, iliyoandikwa na Kim Eun-hee. Askari wa mwaka 2015 anaongea na askari wa miaka ya nyuma kwa redio ya mkononi, redio ambayo haina hata betri. Sehemu kumi na sita zinapita na hakuna anayetueleza redio inafanyaje kazi, na hatudai. Tunachopewa ni kanuni: redio inaamka saa tano na dakika 23 usiku, inaongea kwa muda mfupi, inazima. Wahusika wanaiogopa ile saa, wanaikimbilia, wanaikosa na kulia. Muujiza mmoja umewekewa mipaka na mipaka ikaheshimiwa.

Kwa hiyo jaribio la kwanza ni swali dogo: jambo hili halijaelezwa, au limevunjwa? Lisiloelezwa liache lilivyo. Lililovunjwa ndilo la kushughulikia. Katika The Silent Sea, maji ya Mwezini yanajizalisha yakigusa kiumbe hai, kama virusi. Mwili wa mtu mzima una maji kiasi cha asilimia 60, lakini mtu aliyeambukizwa anatapika maji mengi kuliko mwili wake ungeweza kubeba. Yanatoka wapi? Hatuambiwi, na mimi sijali. Huo ndio muujiza wao mmoja, wana haki nao. Hapo hakuna pengo.

Dalili: unajikuta unamwuliza mhusika swali kwa sauti

Hii ndiyo dalili kubwa, nami nitakaa nayo.

Timu inaingia Balhae. Wanapima mionzi. Hakuna mionzi ya hatari. Wanavua kofia za suti zao. Kisha wanaanza kukutana na maiti kwenye korido, na daktari wa timu, Hong Ga-young, anapouchunguza mwili mmoja anakuta dalili za mtu aliyekufa maji. Sakafu ni kavu. Mabomba hayajapasuka.

Simamisha picha hapo. Hebu fikiria wanachojua watu hawa kwa dakika hiyo. Wanajua taarifa ya serikali kuhusu vifo 117 ni ya uongo. Wanajua waliowatuma walikuwa na miaka mitano ya kuwaambia ukweli na hawakuwaambia. Wanajua sababu ya vifo haifahamiki, na wao wamevua kofia, wanavuta hewa ile ile. Na mmoja wao amesomea uhai wa nje ya Dunia.

Nini kinafuata? Wanaendelea na kazi. Kuna kunong'ona hapa na pale, Ji-an anahoji, kapteni anasema amri ni kuchukua sampuli, na safari ya korido inaendelea. Mimi nilitazama mara ya kwanza na shangazi yangu, sebuleni kwake Tanga. Shangazi hana habari na sayansi ya anga. Alikuwa anachambua mchele. Alipoona wameivuka ile maiti na kuendelea, mikono ikasimama kwenye ungo, akaniuliza, "Mwanangu, hawa wametumwa na nani? Mbona hawaulizani?"

Baada ya hapo hakuinua tena macho kwa muda mrefu. Nami nikaelewa kwamba tumempoteza kwa sababu hiyo moja.

Chanzo cha dalili hii ni kwamba mwandishi anajua siri itafichuliwa sehemu ya sita au ya saba, kwa hiyo anawazuia watu wake wasiigundue mapema. Anawazuia kwa kuwafunga midomo. Lakini mtu akiwa na hofu haulizi ili apate jibu la hadithi. Anauliza kwa sababu anaogopa. Ukimnyima swali umemnyima hofu, na ukimnyima hofu umeninyima mimi sababu ya kumwogopea.

Na hapa nina jambo linaloniuma kwa namna ya pekee, kwa kuwa hadithi hii ni ya Korea. Filamu fupi iliyozaa tamthilia hii, ya mwongozaji huyu huyu Choi Hang-yong, ni ya mwaka 2014. Tarehe 16 Aprili mwaka huo meli ya Sewol ilizama baharini kusini mwa nchi, ikaua watu 304, wengi wao wanafunzi waliokuwa safarini na walimu wao. Saa za mwanzo vyombo vya habari vilitangaza kuwa wanafunzi wote wameokolewa. Wazazi walikaa miaka wakidai waambiwe ukweli, na utepe wa njano ukawa alama ya madai hayo. Sisemi kwamba tamthilia inahusu meli ile. Ninasema kwamba ukimwonyesha mtazamaji wa Korea maiti za watu waliokufa maji na taarifa rasmi iliyodanganya, moyo wake tayari unajua maswali yanayofuata. Anamsubiri mhusika ayaseme. Mhusika akinyamaza, kimya chake kinasikika kama kosa.

Jinsi ya kupima: chukua karatasi, andika majina ya wote waliomo chumbani. Mbele ya kila jina jaza mambo matatu: anajua nini sasa hivi, anaogopa nini, angetaka kumwuliza nani swali gani. Ukikuta majibu ya watu wanne yanafanana neno kwa neno, umekipata chanzo. Watu wanne hao ni mtu mmoja aliyevaa suti nne.

Jinsi ya kurekebisha haihitaji kufichua siri. Tazama: daktari anasema, "Huyu amekufa maji." Kimya. Mmoja kati ya vijana wa nyuma anaiokota kofia yake na kuivaa tena, bila neno. Mwingine anamtazama, naye anaivaa ya kwake. Wa tatu anaanza kucheka kwa woga. Kapteni anaona haya yote na anatoa amri ile ile aliyoitoa, lakini sasa tunajua amri hiyo inamgharimu nini. Mistari minne. Siri imebaki salama, na tumewajua watu watatu.

Dalili: kanuni ya maji inabadilika kulingana na nani anatakiwa kufa

Nilisema muujiza wa maji nimeusamehe. Kitu ambacho siwezi kusamehe ni mwendo wake. Kaa na saa na daftari utazame tena. Andika kila mtu anapogusana na maji yale, na anapoanza kutapika. Uliza kila mara: muda huu umepangwa na ugonjwa, au umepangwa na urefu wa onyesho? Mtu wa kwanza kuambukizwa anapewa nafasi ya kulazwa, kuhudumiwa, kuhangaikiwa. Wengine wa baadaye hawana nafasi hiyo. Labda mwandishi alikuwa na sababu, kiasi cha maji au mahali yalipogusa. Lakini hakuna mhusika aliyeona tofauti hiyo na kuitamka, wakati wamo daktari na mwanabiolojia.

Unaona tumerudi kwa mtu aliyenyamaza. Ji-an ndiye angepaswa kuishika saa ile kabla yangu. Mwanasayansi halisi akipoteza mwenzake, huzuni yake inapitia kwenye kuhesabu: alishika nini, saa ngapi, kwa mkono upi. Angekuwa na orodha hiyo mfukoni, kanuni ingewekwa wazi mbele ya mtazamaji, na kila tone la maji kwenye sakafu tangu hapo lingekuwa na saa inayolia ndani yake. Badala yake tuna maji ya kutisha yasiyo na ratiba, na baada ya muda kitisho kisicho na ratiba kinazoeleka.

Rekebisha kwa kuandika kanuni tatu za muujiza wako ukutani kabla hujaandika onyesho la kwanza. Kisha mpe mhusika mmoja kazi ya kuzigundua moja moja, akosee moja, na kosa hilo limuue mtu.

Dalili: wako Mwezini lakini wanatembea kama wako Seoul

Hili wengi walilisema, nami nitalipitia haraka. Uvutano wa Mwezi ni moja ya sita ya huu wetu. Mtu wa kilo 60 anajisikia kama wa kilo 10. Nje ya kituo tamthilia inajitahidi, mwendo ni mzito wa ndoto. Wakishaingia ndani, wanakimbia, wanaanguka, wanapigana kama watu wa mtaani. Kama kuna mtambo unaoleta uzito huo, haukuwekwa mahali pa kukaa akilini mwa mtazamaji.

Gharama naielewa, kuning'iniza waigizaji kwa kamba muda wote wa sehemu nane ni mzigo usiobebeka. Tiba ni sentensi moja ya mtu anayechukia au anayependa uzito ule. Fundi anayesema magoti yake yalikuwa yamepona kule nje, sasa yameanza tena kuuma. Hapo hapo umeeleza mtambo na umetambulisha mwanadamu.

Na kuna hazina ambayo haikuguswa. Mwezi uko kilomita 384,400 hivi kutoka hapa. Sauti ya redio inachukua sekunde 1.3 kufika na nyingine 1.3 kurudi. Baba anamwuliza mtu wa Duniani hali ya bintiye, halafu anakaa na kimya cha sekunde mbili na nusu kabla ya kujua. Kimya hicho ni cha bure, kimeletwa na maumbile, na kingefanya kazi ambayo muziki wa huzuni unahangaika kuifanya.

Nadhani watazamaji waliumia zaidi kwa sababu Mwezi haukuwa tena jambo la mbali kwao. Agosti 2022, miezi minane tu baada ya tamthilia kutoka, Korea Kusini ilirusha Danuri, chombo chake cha kwanza cha kuuzunguka Mwezi, na kikafika mwezi Desemba. Hadithi ilikuwa inaongea na watu waliokuwa wanajiandaa kwenda.

Dalili: mtu anakufa na wewe unajaribu kukumbuka jina lake

Chanzo hapa ni rahisi kukitaja na kigumu kukitibu. Timu ilijazwa watu kwa idadi ya vifo vilivyohitajika. Kila mmoja akapewa cheo: rubani, mlinzi, fundi, daktari. Cheo kinasema mtu anafanya nini saa za kazi. Hakisemi chochote kuhusu alichoacha nyumbani juu ya meza.

Na uchungu ni kwamba dawa ilikuwemo ndani ya hadithi yenyewe. Dunia yao inamgawia kila mtu maji kwa kadi. Kila mmoja ndani ya chombo kile ana daraja lake. Kila mmoja amekubali safari ya hatari kwa sababu inayohusu maji: huyu kapandishiwa mtoto wake daraja, yule mama yake ni mgonjwa wa figo, mwingine ana kadi ya dhahabu tangu kuzaliwa na hajawahi kusimama foleni. Wangekaa tu dakika tano, kabla ya kutua, kila mtu akanywa mgawo wake wa maji. Mmoja anagugumia. Mmoja anasukutua kwanza mdomo na kumeza. Mmoja anabakiza nusu na kufunga kifuniko kwa nguvu, kwa mazoea, ingawa hapa hakuna wa kumwibia. Tusingehitaji maelezo mengine kuwahusu. Na yule aliyebakiza nusu chupa atakapokuja kufa kwa kutapika maji, hutaweza kutazama.

Kwa Yun-jae jambo hili lilifanyika nusu. Tunaambiwa ana binti, tunaambiwa anaumwa, na mwishowe Yun-jae anajitoa ili wenzake wapone. Gong Yoo anaigiza kwa macho tu, na macho yake yanabeba mengi. Lakini binti amebaki kuwa sababu. Hatukuwahi kumwona akimkera baba yake, akimchekesha, akikataa dawa. Mtoto ambaye kazi yake yote ni kuumwa hawezi kumfanya baba awe baba.

Dalili: msaliti anajifichua na wewe unasema "sawa"

Ryu Tae-seok, fundi aliyetoka Wizara ya Ulinzi na kuomba mwenyewe kujiunga na safari, mwishoni anajulikana kuwa ana waajiri wengine. Mwigizaji wake, Lee Joon, anajitahidi sana. Tatizo ni kwamba usaliti unahitaji kitu cha kusalitiwa. Kama hatukuona Tae-seok akimfunga mwenzake mkanda wa suti, akimgawia mtu oksijeni yake, akikaribia kusema ukweli kisha akaumeza, basi siku anapogeuka hajamgeukia mtu. Amebadilisha tu upande wa chumba.

Kipimo ni hiki: futa onyesho la kufichuliwa kabisa. Tazama tena sehemu zote za nyuma ukijua. Je, kuna mahali unasema, "Kumbe ndiyo maana!"? Ukipata mahali pawili au patatu, msaliti ni mzima. Usipopata hata mahali pamoja, aliteuliwa kuwa msaliti mwishoni.

Dalili: kumbukumbu za marehemu zinarudi na kurudi, na huzuni haiongezeki

Ji-an anamkumbuka dada yake. Picha za utotoni, sauti, uso. Mara ya kwanza inagusa. Mara ya nne inachosha, na si kwa sababu watazamaji hawana moyo.

Kumbukumbu inayorudi lazima irudi imebadilika. Ji-an anakuja kujua kwamba dada yake alihusika na majaribio yaliyofanyiwa watoto wa kloni, watoto waliotengenezwa na kupewa namba, ili maji yale yapatiwe matumizi. Hilo ni jambo la kumvunja mtu. Mtu uliyemlilia miaka mitano, unakuta mikono yake ilikuwa humo. Basi ile picha ya utotoni, dada akimpa mdogo wake maji anywe kwanza, tuonyeshwe tena baada ya kujua hayo, picha ile ile, na sasa tushindwe kuitazama. Huo ndio ungekuwa moyo wa tamthilia. Badala yake ugunduzi unapita, kuna mlango wa kufungwa na mafuriko ya kukimbiwa, na Ji-an anapewa muda mfupi mno wa kuchukia. Bae Doona ni mwigizaji wa kunyamaza. Uso wake hauhitaji maneno. Lakini hata uso unahitaji dakika.

Ukikuta dalili hii kwenye skripti yako, hesabu kumbukumbu ulizoandika na mbele ya kila moja andika jambo jipya inalotuambia. Isiyo na jibu ifute leo.

Dalili: mtoto amekuwa ufunguo wa mlango

Luna, namba 073, ndiye niliyempenda kuliko wote, kwa hiyo nisameheni nikimtetea.

Ni msichana aliyezaliwa kwenye maabara, ameishi peke yake gizani miaka mitano baada ya wote kufa. Mwili wake umezoea maji yale; majeraha yake yanapona haraka, na akizama ana matamvua kama samaki. Kim Si-a anamwigiza kama mnyama mdogo anayewinda, na dakika zake za mwanzo ndani ya mabomba ya hewa ni bora kuliko chochote kilichotangulia.

Kisha wanamkamata, na kuanzia hapo anageuka kuwa jibu. Damu yake ni jibu, mwili wake ni jibu, na wahusika wanazungumza juu yake mbele yake. Hiyo ingefaa sana kama hadithi ingejua inachofanya, maana ndivyo walivyomfanyia waliomtengeneza. Ila kamera nayo inamtazama hivyo hivyo. Hatujui alikula nini. Hatujui alikuwa anawaita wenzake kwa majina au kwa namba. Hatujui analalaje. Miaka mitano na maiti 117, na hatuonyeshwi hata pembe moja aliyoifanya nyumba.

Ndiyo maana onyesho la mwisho linagawanya watu. Luna anatoka nje, juu ya vumbi la Mwezi, bila suti, na anaishi. Shangazi yangu alikuwa amerudi kwenye hadithi kwa ajili ya mtoto huyu. Akauliza, "Huyu anapumua nini?" Wapo watakaosema hilo ni pengo la kisayansi, kwa sababu kwenye ombwe, pasipo hewa, maji ya mwilini yanaanza kuchemka bila moto. Mimi nasema pengo lilianza mapema zaidi. Tungekuwa tumemwona Luna akiukaribia mlango ule mara kwa mara. Akiweka kiganja. Akijaribu pumzi, akikimbia kurudi ndani, akirudi tena siku ya pili. Hatua zake za mwisho zingekuwa zake, na swali la shangazi lingekuwa limeshajibiwa na mwili wa mtoto mwenyewe bila maelezo ya daktari.

Chanzo kilicho nje ya karatasi

Si kila ugonjwa ni wa mwandishi. Mwandishi hapa ni Park Eun-kyo, aliyeandika Mother pamoja na Bong Joon-ho mwaka 2009, filamu iliyojaa watu unaoweza kuwanusa. Anajua wahusika. Lakini alipokea filamu fupi iwe sehemu nane, na filamu fupi huwa inaishi kwa wazo na hali, haidai watu wengi wenye maisha marefu. Ukiivuta, korido zinarefuka kabla watu hawajarefuka.

Upande wa televisheni ya kawaida ya Korea shida ni nyingine. Kwa miaka mingi tamthilia ziliandikwa zikiwa hewani, na kuna hata neno lao, jjokdaebon, vipande vya skripti vinavyofika kwa waigizaji kurasa chache chache siku ya kupiga picha. Hadithi ya safari za wakati haivumilii hali hiyo, maana kosa la sehemu ya tatu limeshaonekana na taifa zima na huwezi kurudi kulifuta. Hata pasipo haraka hiyo, sehemu kumi na sita ni nyingi kwa msuko wa namna hii. Tazama Sisyphus: The Myth ya kituo cha JTBC, mwaka 2021, ambamo binti Gang Seo-hae anakuja kutoka wakati ujao uliobomolewa na vita. Anavutia sana sehemu za mwanzo, anapoona jiji zima likiwa bado limesimama. Kadiri mzunguko wa wakati unavyozidi kujifunga, ndivyo anavyopungukiwa nafasi ya kulishangaa jiji lile.

Ukianza kurekebisha, anza wapi

Usianze na sayansi. Najua ndiyo inayotajwa kwanza, na ndiyo rahisi kuonekana. Anza na onyesho ambalo wahusika wanajua jambo la kutisha kwa mara ya kwanza. Katika The Silent Sea ni ile korido na mwili ule wa kwanza. Kaa na onyesho hilo hata wiki nzima. Mpe kila mtu hofu yake. Ukimaliza, utaona maonyesho matano yanayofuata yamejibadilisha yenyewe, kwa sababu watu walioogopa kwa namna tofauti hawatembei tena kwenye mstari mmoja: mmoja amebaki nyuma na kofia yake, mwingine anatafuta redio, wa tatu anarudi kuifunika ile maiti.

Halafu soma onyesho hilo kwa sauti mbele ya mtu anayefanya kazi nyingine kwa mikono yake. Anayechambua mchele, anayeshona, anayesuka ukili. Usitazame karatasi yako, tazama mikono. Weka alama kila inaposimama, na usimwulize kwa nini mpaka umalize kusoma.